Usiifuate paki: namna ya kutazama hoki ya barafu kwa kumfuata Peter Forsberg

Mdogo wangu wa mwisho yuko Muheza. Usiku mmoja wa Februari alinipigia, na nyuma ya sauti yake nikasikia filimbi na kelele za mashabiki. Alikuwa amekuta mechi ya hoki ya barafu kwenye intaneti. "Shikamoo dada. Hebu niambie, hii paki iko wapi? Mimi naona watu wanakimbizana tu, mara wanakumbatiana." Nikamwambia aachane na paki, kile kitu kidogo kinachopigwa kwa fimbo badala ya mpira. Atafute mechi za zamani za Peter Forsberg, Msweden aliyekwisha staafu, amshike kwa macho mtu mmoja huyo mwenye namba 21 mgongoni, tangu anaporuka ukuta kuingia uwanjani mpaka anaporudi benchi, hata paki ikiwa upande wa pili kabisa. Afanye hivyo dakika kumi, halafu anipigie tena.

Swali la mdogo wangu nilikuwa nalo mimi mwenyewe nilipohamia Örnsköldsvik kutoka Tanga. Huu ni mji mdogo wa pwani ya Sweden, zaidi ya kilomita 500 kaskazini mwa Stockholm. Wenyeji wanauita Övik. Nilipata kazi ya kuhudumia wazee, zamu za jioni, na kwenye zamu hizo kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha karatasi. Alikuwa na mikanda ya mechi za miaka ya tisini, tunaiweka baada ya kumpa dawa zake. Kila nilipouliza nani kafunga, aliinua kidole: mtazame yeye. Kisha ananiuliza Forsberg amesimamia mguu gani, kulia au kushoto. Nikikosea tunarudisha nyuma. Ninayoyaandika hapa nimeyapata pale kitini kwake, na mengine pembeni mwa barafu miaka hii mwanangu anapocheza.

Kwanza mambo machache ya lazima, niyamalize haraka. Kila timu inaingiza watu sita, mmoja akiwa golikipa. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20, na saa husimama kila filimbi ikilia, kwa hiyo mechi hula saa mbili na zaidi. Paki ni kipande cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.62 na unene wa sentimita 2.54, uzito wake gramu 170 hivi. Kitu kidogo namna hiyo, kikipigwa kwa nguvu kwenye barafu, hata waliozaliwa hapa hawakioni. Wanakisoma kutokana na miili ya wachezaji. Mtu akivunja sheria anakaa kibandani dakika 2 na timu yake inacheza na mtu pungufu. Na kila bao linaandikwa majina mpaka matatu: mfungaji, aliyempa pasi, na aliyempa pasi yule aliyetoa pasi. Hili la mwisho ulikumbuke, tutalihitaji.

Kwa nini Forsberg na si mwingine? Wapo Wasweden wengine wakubwa. Nicklas Lidström alikuwa beki aliyecheza kwa utulivu wa ajabu, lakini utulivu wake ni mgumu kuuona kwa jicho geni. Mats Sundin alikuwa mkubwa wa umbo na mwenye mashuti. Forsberg ana faida moja kwa mwanafunzi: kila alichokifanya kinaonekana mwilini. Alitumia nyonga, mgongo, makalio na magoti namna ambayo mtu aliyekulia kwenye mpira wa miguu anaielewa mara moja.

Alizaliwa hapahapa Övik tarehe 20 Julai 1973. Siku kumi baadaye, mji huohuo, akazaliwa Markus Näslund, na wote wawili wakalelewa na MODO, klabu ya mji huu. Baba yake Peter, Kent Forsberg, alikuwa kocha; alimfundisha mwanawe MODO na baadaye akafundisha timu ya taifa. Jina la utani ni Foppa. Kazini kwetu kila mmoja anavaa zile kroksi za plastiki, na Wasweden wanaziita foppatofflor, yaani ndala za Foppa, kwa kuwa aliwahi kuwekeza katika biashara ya viatu hivyo. Kwa hiyo nililivaa jina lake mguuni miezi kadhaa kabla ya kumjua.

Anza na penati ya Lillehammer

Usianze na mechi nzima. Anza na sekunde chache za tarehe 27 Februari 1994, fainali ya Olimpiki kule Lillehammer, Norway, Sweden na Kanada. Sweden walisawazisha zikiwa zimebaki chini ya dakika 2, ikawa 2-2. Muda wa nyongeza haukutoa mshindi, wakaenda kwenye mikwaju ya penati. Kwenye hoki mpigaji hasimami mbele ya mpira. Anaanzia katikati ya uwanja, anakuja na paki fimboni mpaka uso kwa uso na golikipa. Mikwaju mitano ya kila upande ikaisha wakiwa sawa. Ikaendelea. Zamu ya saba akatoka kijana wa miaka 20.

Itazame mara tatu.

Mara ya kwanza mtazame golikipa peke yake, Corey Hirsch. Yuko wima, anarudi nyuma taratibu kulingana na mwendo wa anayekuja. Forsberg anapoelekea kushoto kwake, Hirsch anamfuata, uzito wote unahamia upande ule. Hapo ndipo ameshakwisha, ila paki bado haijaenda popote.

Mara ya pili tazama mikono ya Forsberg. Anakuja ameshika fimbo kwa mikono miwili. Anaivuta paki kushoto kama anayetaka kupiga. Halafu mkono wa chini unaachia. Fimbo inabaki kwenye mkono mmoja, wa kulia, ulioshika mwisho kabisa wa mpini, na huo mkono unanyooshwa nyuma kurudi upande alikotoka, kama mtu anayechota kitu kilichobaki nyuma yake. Paki inateleza polepole kabisa. Glovu ya golikipa inanyooka kuitafuta na haiipati.

Mara ya tatu tazama miguu, na hii ndiyo yenye somo. Mwili unaendelea kwenda kushoto wakati paki inarudi kulia. Ukijaribu kusimama sebuleni ukafanya hivyo ukiwa na ufagio utaona ugumu wake: mabega yanataka kufuata mkono. Yake hayafuati.

Baada yake Mkanada wa mwisho, Paul Kariya, akapiga, golikipa wa Sweden Tommy Salo akaokoa, na Sweden ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika hoki. Mwaka uliofuata posta ya Sweden ilitoa stempu ya bao lile. Hirsch hakupenda sura yake itumike, kwa hiyo golikipa wa kwenye stempu akachorwa na jezi ya rangi nyingine na namba nyingine. Mzee wangu alikuwa nayo kwenye pochi, imefunikwa plastiki. Aliisisitiza pia haki ya mtu mwingine: ufundi ule Kent Nilsson, Msweden vilevile, aliuonyesha kwenye Mashindano ya Dunia ya 1989, na Forsberg aliujua kutoka kwake. Ukiwasimulia watoto, waambie na hilo.

Jifunze kusoma namba zake

Watu wanaotoka kwenye mpira huuliza kwanza alifunga mangapi. Forsberg alicheza mechi 708 za msimu wa kawaida katika NHL, ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, akafunga mabao 249 na kutoa pasi za mabao 636. Jumla pointi 885. Zitazame hizo namba mbili za katikati kwa pamoja: kwa kila bao alilofunga alitengeneza mawili na nusu ya wenzake. Ukimtazama ukisubiri afunge, utamkosa.

Ukitaka kuona jambo hilo likiwa wazi zaidi, rudi kwenye mashindano ya dunia ya vijana ya 1993, yaliyochezwa hapa Sweden, Gävle. Mechi 7, pointi 31, mabao 7 na pasi 24. Rekodi ile ilizungumzwa miaka na miaka. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa Näslund, yule waliyezaliwa naye siku kumi tofauti, na ndiye aliyekuwa akizimalizia nyingi kati ya zile pasi. Fikiria watu wawili waliocheza pamoja tangu utotoni. Mmoja hana haja ya kumtafuta mwenzake kwa macho.

Basi zoezi la kwanza la mdogo wangu lilikuwa hili: Forsberg anapopata paki, usimtazame tena. Tazama wenzake wawili. Mara nyingi anapunguza mwendo. Mtu mgeni anadhani amechoka au amekosa la kufanya. Anaposita, beki wawili wanamsogelea, na kila hatua wanayomsogelea inaacha nafasi mahali fulani. Anaisubiri nafasi hiyo ikue. Pasi inatoka wakati ambapo wewe ulishaona amechelewa.

Nyonga, mgongo na ukuta

Uwanja wa hoki umezungushiwa ukuta wa mbao au plastiki na kioo juu yake, na sehemu kubwa ya mchezo inapiganiwa pale ukutani. Hapa ndipo wengi wanaochukia hoki huichukia, wanaona vurugu tu. Mimi hapa ndipo nilipoipenda.

Kule kwetu nilikua nikiwatazama wavuvi wanavyosimama kwenye ngalawa. Wimbi linakuja, ngalawa inainuka, mvuvi kichwa chake hakitikisiki; magoti na kiuno vinakula wimbi lote. Mtazame Forsberg ukutani kwa jicho hilo. Magoti yamekunjwa sana, makalio yametoka nje, mgongo umempa adui, paki iko mbele yake kwenye fimbo mbali na kila mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama kuliko wote. Beki anayemzidi uzito anakuja kumgonga kwa kasi. Sekunde ile kabla ya mgongano, Forsberg hakimbii, wala hajikunyati. Anasukuma nyonga yake nyuma kumfuata anayekuja, anagonga kabla ya kugongwa. Aliyekuja kugonga anadondoka, na yeye yuko palepale na paki yake.

Nilipoielewa hiyo nilirudisha mkanda mara nyingi mpaka mzee akaomba tuendelee. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuona kwamba kwenye hoki mwenye paki anaweza kuwa ndiye anayempiga mwenzake.

Zoezi lake: chagua zamu tano za Forsberg ukutani, weka karatasi, andika kila mara nani alianza kusogea, yeye au beki. Utashangaa ni mara ngapi yeye ndiye wa kwanza. Na usisahau muda. Mchezaji wa hoki hakai uwanjani kama wa mpira. Anatoka baada ya sekunde 40 au 50 hivi, anapumua benchi, anaingia tena. Kinachoonekana kama vurugu ni watu wanaokimbia kwa nguvu zao zote kwa chini ya dakika moja. Ukiona mtu anaburuza miguu uwanjani, amekaa kuliko zamu yake.

Mfuate klabu kwa klabu

Hii ni sehemu ya maisha yake ambayo watu huichanganya, kwa hiyo nenda nayo kwa mpangilio wa miaka unapochagua mechi.

Mwaka 1991 klabu za NHL zilipochagua vijana, Philadelphia Flyers walimchukua wa sita. Hakuwahi kuanza nao. Kiangazi cha 1992 Quebec Nordiques walikuwa na kijana Eric Lindros aliyekataa kuwachezea, wakamuuza Philadelphia, na Forsberg akawa mmoja wa wachezaji kadhaa waliotolewa pamoja na haki za kuchagua vijana na dola milioni 15. Yeye wakati huo alikuwa Övik, anachezea MODO, na akabaki huko. Alifika Quebec Januari 1995, baada ya mgogoro kati ya wenye klabu na wachezaji uliochelewesha msimu, na katika mechi 47 akapata pointi 50 na tuzo ya Calder ya mchezaji bora mpya. Miezi michache baadaye klabu nzima ikahamishwa kwenda Denver ikaitwa Colorado Avalanche.

Chagua mechi ya pili ya fainali ya 1996 dhidi ya Florida Panthers. Ndani ya kipindi cha kwanza peke yake anafunga matatu. Colorado walishinda 8-1, na Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa NHL, wakalichukua kwa mechi nne bila kupoteza. Ndiyo mechi ninayompa mtu asiyeamini kwamba mtoa pasi naye akitaka anafunga.

Kisha ruka mpaka 2001, ukiwa tayari kuumia kidogo. Mwezi Mei, baada ya mechi ya saba dhidi ya Los Angeles Kings, alipata maumivu makali usiku uleule. Bandama ilikuwa imepasuka, akapelekwa kufanyiwa upasuaji wa dharura. Wenzake wakaendelea bila yeye, wakalichukua kombe mbele ya New Jersey Devils. Msimu uliofuata wote wa kawaida hakucheza. Alirudi kwenye hatua ya mtoano tu, 2002, na katika mechi 20 akapata pointi 27, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa mtoano mwaka ule, ingawa Colorado walitolewa kabla ya fainali. Mtu aliyekaa mwaka mzima bila mechi. Zitafute mechi hizo, uone jinsi asivyoogopa kugongwa upande uleule wa tumbo.

Msimu wa 2002–03 ndio wa juu kabisa: pointi 106 katika mechi 75, mabao 29 na pasi 77. Akapata Art Ross, tuzo ya mwenye pointi nyingi, na Hart, tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kwa timu yake. Wa pili kwa pointi, akiwa na 104, alikuwa Markus Näslund wa Vancouver Canucks. Watoto wawili wa mji huu mdogo, wa klabu moja, wa kwanza na wa pili katika ligi kubwa kuliko zote duniani. Hapa Övik mtu akikusimulia hilo husimama kidogo kabla ya kuendelea.

Mguu

Sasa nikae hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipomwelewa mtu mwenyewe, na pia ndipo penye msaada kwa mzazi.

Mwanangu alipofika miaka sita alitaka kucheza. Klabu nyingi za hapa huazima vifaa kwa watoto wanaoanza, kwa hiyo usikimbilie dukani. Kitu kimoja tu usikichukulie juujuu: viatu vya barafu. Nilimnunulia mwanangu vikubwa ili "avikulie", kama tulivyonunuliwa sisi viatu vya shule. Alikuwa akidondoka upande mmoja, vifundo vikilala ndani kama miguu ya meza iliyolegea. Nilidhani ni woga. Mzazi mmoja akapiga magoti, akavua kile kiatu, akaniwekea kidole nyuma ya kisigino cha mtoto. Kidole kiliingia chote.

Namna ya kufanya ni hii. Mtoto avae soksi moja nyembamba, si mbili nene. Legeza kamba mpaka chini kabisa, aingize mguu, apige kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kirudi nyuma mpaka mwisho. Ndipo uanze kukaza, kutoka vidoleni kupanda juu, tundu kwa tundu, sio kuvuta kwa juu tu ukadhani chini kumekaza. Juu ya mguu kukaze kiasi, kifundo kikaze zaidi, na tundu la mwisho liache nafasi ya goti kukunjika. Akisimama wima vidole viguse mbele kwa mbali. Akikunja magoti virudi nyuma kidogo. Kisigino kisipande hata kidogo. Na chuma kinolewe. Chuma kibutu kinamtupa mtoto kila akigeuka, na yeye atajilaumu mwenyewe.

Nilipokuwa nafunga kamba zile ndipo nikaelewa kilichommaliza Forsberg. Si bandama, si mabega. Mguu wa kulia. Kifundo chake kilikuwa hakikai sawasawa ndani ya kiatu, na mchezo wake wote, ule wa nyonga na magoti nilioueleza, unasimama juu ya hapo. Mtu anayegeuka kwa kuegemea ukingo wa chuma chembamba akiwa na beki mgongoni hawezi kuwa na mguu unaohama ndani ya kiatu. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, akajaribu viatu vya kila namna. Mwaka 2005 alikwenda Philadelphia, ile klabu iliyomchagua miaka 14 kabla. Februari 2007 akapelekwa Nashville Predators. 2008 akarudi Colorado na katika mechi 9 za msimu wa kawaida akapata pointi 14, kana kwamba hajawahi kuondoka. Kichwa na mikono vilikuwa vilevile. Akarudi tena mwanzoni mwa 2011, akacheza mechi mbili, na tarehe 14 Februari akatangaza kuacha. Alikuwa na miaka 37.

Ukitazama mechi za baada ya 2006, fanya zoezi la mzee wangu: amesimamia mguu gani? Utaona anavyoukwepa wa kulia, anageuka kwa duara kubwa mahali ambapo 1996 angegeuka palepale. Na bado pasi inafika. Inaniuma kila nikiitazama, na nakushauri uitazame.

Torino, na majina matatu

Ulikumbuka lile la majina matatu kwenye bao? Tafuta fainali ya Olimpiki ya Torino, tarehe 26 Februari 2006, Sweden na Finland, mabao 2-2 kuingia kipindi cha tatu. Usiende kuchukua chai. Sekunde 10 tu za kipindi, Lidström anapiga shuti, bao. Likaandikwa majina matatu: Lidström, Sundin, Forsberg. Irudishe ukiifuata kinyumenyume, kuanzia shuti kurudi mpaka paki ilipowekwa katikati, na uone kila mmoja alifanya nini na kwa sekunde ngapi. Ndilo bao bora la kumfundishia mtu hoki ninalolijua, kwa sababu ni fupi na kila kitu kimo. Mechi iliisha 3-2. Forsberg akawa na dhahabu ya pili ya Olimpiki, juu ya Makombe mawili ya Stanley na ubingwa wa dunia wa 1992 na 1998. Colorado waliistaafisha namba 21 mwaka 2011, na 2014 akaingia kwenye jumba la heshima la hoki kule Toronto.

Walio Sweden wafanye hatua moja zaidi: nendeni ukumbini. Tiketi za mechi za vijana ni za bei nafuu au hakuna kabisa, na pale huna mtu wa kamera anayekuchagulia pa kutazama. Macho ni yako. Kaeni juu, upande wa kona, muone uwanja kwa urefu. Vaeni soksi za sufu na mje na kitu cha kukalia, maana benchi ni baridi. Msikilize pia: kiatu kinachokata barafu vizuri kina sauti kavu, fupi, na baada ya mechi tatu nne utamtambua mchezaji mzuri kabla hujageuza kichwa. Walio Nairobi wanao uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, mdogo kuliko wa kawaida, ambapo timu ya Kenya Ice Lions imekuwa ikifanya mazoezi. Mkipata nafasi vaeni viatu wenyewe angalau saa moja. Baada ya hapo hamtamtazama Forsberg kwa namna ileile.

Mdogo wangu alinipigia wiki iliyofuata. Safari hii hakuuliza paki iko wapi. "Dada, huyu ishirini na moja, hii dakika ya nane, mbona ameipata halafu anasimama?" Nikamwambia arudishe sekunde tano, afunike namba 21 kwa kidole gumba, na atazame upande wa mbali, karibu na ukuta. Nikasikia akibonyeza. Halafu kimya. "Yule mwenye ndevu," akasema, "bado hajafika." Nikamwambia aachie mkanda uendelee.